Mlingoti wa Redio na Sauti ya Turkana

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi saa ya chakula cha mchana. Yamepigwa chapa kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Vijana wa karakana walituuliza swali mwezi uliopita: kwa nini chama cha watu wa reli kitumie saa ya chakula kuzungumza habari za milingoti ya redio na televisheni, tena ya Lodwar na Kakuma, mahali pasipo na hata futi moja ya reli? Swali ni zuri, na twalijibu mara moja. Reli haikuingia nchi hii peke yake. Tangu kazi ilipoanza Mombasa mwaka 1896 hadi chuma kilipofika Kisumu mwaka 1901, waya wa simu ulikwenda pamoja nayo, nguzo kwa nguzo. Hakuna gari la moshi liendalo salama ikiwa steshoni ya mbele haina habari zake. Sisi twajua kuliko watu wengi kwamba habari ikikatika njiani watu hufa. Kwa hiyo mtu wa reli ni mtu wa habari, apende asipende.

Sasa tazameni ramani. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikasimama hapo. Kutoka Kitale mpaka Lodwar ni kama kilomita 300. Unateremka milima ya Pokot, unapita Marich, Kainuk na Lokichar, na joto linazidi kila unapoendelea mbele. Kutoka Lodwar mpaka Kakuma ni kilomita 120 nyingine. Iko reli iliyochorwa kutoka Lamu kupita Turkana mpaka Sudan ya Kusini, lakini reli ya karatasini haijabeba gunia hata moja. Basi, ng'ambo ya Kitale kwa miaka mingi kulikuwa na kimya, na serikali ya ukoloni iliujua ukimya huo, ikautumia kama gereza.

Hapa twaomba vijana wasikilize vizuri, maana habari hii inatuhusu sisi wa vyama. Wilaya ya Turkana ilikuwa imefungwa; mgeni hakuingia bila kibali. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Afrika Mashariki. Baba yake Makhan Singh alikuja Kenya kuwa fundi wa reli, kwa hiyo alikuwa mtoto wetu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru wa nchi hizi waziwazi. Tarehe 15 Mei alikamatwa, na kesho yake mgomo mkubwa wa Nairobi ukaanza. Baadaye alipelekwa Lokitaung, kaskazini ya Lodwar. Alihamishwa huku na huko, asifunguliwe mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi, kwa kosa la kusema.

Kubai naye, baada ya kesi ya Kapenguria, alifungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei na Kungu Karumba. Kubai huyu, kabla ya kuwa mtu wa vyama, alikuwa karani wa simu za maandishi katika Posta. Kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya watu mbali kwa vidole vyake, na wao wakampeleka mahali ambapo hakuna neno linalotoka. Mwaka 1958 barua ya malalamiko kutoka Lokitaung ilitoroshwa ikachapishwa katika gazeti la Observer la London. Fikirini: ili malalamiko ya wafungwa wa Turkana yajulikane, yalipaswa kwanza kufika London. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akakaa huko mpaka 1961 alipopelekwa Maralal, na hapo ndipo waandishi wa magazeti walipoweza kukaa naye wakamwuliza maswali.

Serikali haikuhitaji kuta nene. Umbali ulitosha. Na kazi ya mlingoti ni kuvunja umbali, kwa hiyo yafaa tujue unafanyaje kazi.

Wengi wetu hudhani mlingoti unasukuma sauti kama mpira, na ukiongeza nguvu sauti itakwenda popote. Sivyo kabisa. Mawimbi ni ya namna mbalimbali. Mawimbi mafupi hupanda juu yakagonga tabaka la mbinguni yakarudi chini mbali sana. Ndiyo sababu wazee wa Turkana wenye redio za betri waliweza kusikia London usiku, hali Nairobi ilikuwa inakwaruza. Mawimbi ya kati hutambaa juu ya ardhi kama nyoka na kufika mbali kiasi, hasa usiku. Kwa mawimbi hayo mlingoti wenyewe, chuma kizima kutoka chini mpaka juu, ndio unaotangaza. Husimamishwa juu ya kikalio cha kauri, ndugu mkubwa wa vile vikombe vyeupe vya nguzo zetu za simu, ili umeme usiingie ardhini. Chini yake huzikwa nyaya nyingi za shaba zilizotawanyika kama mizizi. Wezi wa shaba wanaijua mizizi hiyo kuliko mafundi.

Lakini FM, televisheni na simu za mkononi hutumia mawimbi yanayokwenda karibu moja kwa moja, kama macho. Dunia ni mviringo. Mlingoti unaona mpaka pale dunia inapoinama, na kidogo zaidi. Hesabu yake ni ya darasa la misheni, hapana haja ya kuogopa. Chukua urefu wa mlingoti kwa mita, tafuta kipeuo chake, zidisha kwa 4 na kidogo; unapata kilomita. Mlingoti wa mita 25: kipeuo ni 5, basi unafika kama kilomita 20. Mlingoti wa mita 100: kipeuo ni 10, unafika kama kilomita 41. Mmeona? Umezidisha urefu mara nne, chuma mara nne na zaidi, na hatari ya mpandaji vilevile, lakini mwendo umeongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana milingoti hupandishwa vilimani. Kilima ni urefu wa bure, ingawa kubeba dizeli mpaka juu si bure.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo Turkana. Duara la kilomita 41 ni karibu kilomita za mraba 5,300. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Hata kama nchi ingekuwa tambarare kama meza, na maduara yasiguse wenzake, ingehitaji milingoti 13 ya mita 100. Na nchi haiko hivyo. Iko milima, yako mabonde, iko mito ya mchanga. Mlingoti wa Lodwar peke yake hauwezi kusema na mtu wa Kakuma kwa FM, kilomita 120 mbali. Lazima mwingine uusikie na kuurudia, kama steshoni mbili zinavyopokezana treni.

Mtasema, je, watu wako wangapi? Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 926,976 katika kaunti hiyo. Watu hao ni wengi, ila wametawanyika na kuhama na mifugo. Mfanya biashara anayetafuta faida hupiga hesabu ya wateja kwa kila mlingoti, akiona ni wachache husema hapafai. Sheria ya mawasiliano ya Kenya ikaweka mfuko ambao makampuni yanauchangia ili milingoti ijengwe mahali kama pale. Ni jambo jema, nasi hatulikatai. Twasema tu kwamba Mturkana wa Lokitaung analipa kodi ya sukari na ya mafuta sawa na mtu wa Nairobi, wala hakuna aliyempunguzia kwa kuwa alikuwa hasikii redio.

Habari ya utangazaji yenyewe tutaipita upesi. Redio ilianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndipo Waafrika walipotangaziwa kwa lugha zao, kwa sababu vijana wao walikuwa vitani na wazazi walitaka habari. Televisheni ilianza mwaka 1962, ikionekana Nairobi na karibu yake. Mwaka 1964 serikali ya uhuru ilichukua shirika zima ikaliita Sauti ya Kenya, na waziri aliyesimamia habari na utangazaji alikuwa Ramogi Achieng Oneko. Oneko huyu ni mmoja wa wale sita wa Kapenguria. Mtu aliyenyamazishwa miaka mingi akapewa ufunguo wa mitambo ya sauti ya nchi nzima! Mwaka 1989 shirika lilirudishiwa jina la KBC. Kiturkana kilipata saa zake katika idhaa za shirika hilo, pamoja na Kirendile, Kiborana na lugha nyingine za kaskazini. Siku hizi Lodwar ina Radio Akicha ya Jimbo Katoliki, na Kakuma ina Ata Nayeche, iliyopewa jina la Nayeche, yule mama ambaye Waturkana husimulia kwamba ndiye aliyewatangulia katika nchi yao. Mzee anayechunga mbuzi kando ya mto Turkwel anasikia kwa lugha yake kwamba mvua imenyesha milimani na maji yanakuja. Hilo si jambo dogo. Maji hayo huja usiku.

Televisheni haikufika kwa urahisi huo. Mwaka 2015 mitambo ya zamani ilizimwa nchini kote, ikaja ya dijiti, na kila nyumba ikatakiwa kununua king'amuzi. Tulisikia mijini manung'uniko mengi juu ya bei. Kule Lodwar king'amuzi kilimgharimu kibarua mbuzi mzima, na baada ya kukinunua alihitaji umeme.

Umeme ndio mkia wa ng'ombe huyu, na hapa twaomba tukae kidogo. Mlingoti bila umeme ni chuma cha kutulia ndege. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilifunguliwa mwaka 1991 kwa maji ya mto uleule unaopita Lodwar. Umeme wake ukapelekwa kwa nyaya kubwa mpaka Lessos, kuungana na umeme wa nchi, na mji wa Lodwar ukaachwa kwa miaka mingi ukiungurumisha jenereta za dizeli. Mto ukaja, umeme ukaenda upande wa pili. Dizeli hupandishwa kwa lori kutoka Kitale, kupita Kainuk ambako mara nyingi magari yameshambuliwa na majambazi na kulazimika kwenda kwa msafara wenye askari. Kwa hiyo mtu anapowasha redio yake Kakuma, nyuma ya sauti ile yuko dereva, yuko turniboi, yuko askari wa msafara, yuko fundi wa jenereta, yuko mlinzi wa usiku. Mtangazaji anajulikana kwa jina. Hao wengine hawatajwi.

Tulipofika Lodwar mwaka jana kwa mazishi ya mwenzetu, tulipita kwenye mnara mmoja ulio pembeni ya mji, ambao watu huuita busta. Ulikuwa umezungushiwa seng'enge, jenereta ikinguruma ndani. Mlinzi alitusalimu, "Ejok," akatukaribisha kwenye kivuli cha tangi, maana kivuli kingine hakikuwapo. Yeye haajiriwi na wenye mnara. Ameajiriwa na kampuni nyingine ya ulinzi, ambayo imepewa kazi na kampuni ya tatu. Zamu yake ni saa kumi na mbili. Mshahara wa miezi miwili ulikuwa haujafika, na akiuliza, kila kampuni inamwonyesha nyingine.

"Wazee wangu," alituambia, "mashini ikizima, simu inapigwa kutoka Nairobi dakika ileile, naulizwa umelala? Ikiwaka mwaka mzima, hakuna anayeuliza nimekula nini."

Mmoja wetu akamwuliza kama ana chama. Akacheka. Alidhani twamwuliza habari za chama cha siasa.

Wako pia wapandaji. Hao hawakai Lodwar. Huletwa kwa gari, wakapanda, wakaondoka. Sisi tunaofanya kazi juu ya chuma twajua kwamba reli hurefuka kwa jua, ndiyo maana huachwa nafasi. Chuma cha mlingoti saa saba mchana huko hakishikiki kwa mkono mtupu, na kamba za waya zinazoushikilia hulegea na kukaza kwa joto na baridi ya usiku. Mpandaji mwenye busara hupanda alfajiri. Lakini hatari kubwa haionekani. Mtambo wenye nguvu ukiwa unatangaza, mawimbi yake huunguza mwili wa mtu aliye karibu na antena, na yeye huenda asitambue mpaka ameumia. Kwa hiyo ni lazima nguvu ipunguzwe au mtambo uzimwe kabla mtu hajafika juu, nao wenye steshoni hawapendi kunyamaza hata nusu saa kwa sababu ya matangazo ya biashara. Sisi tuna desturi yetu: dereva haingii njia moja bila kibali mkononi mwake. Vilevile ufunguo wa mtambo yafaa uwe mfukoni mwa yule aliye juu, usibaki mezani kwa meneja. Sheria ya usalama kazini na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini zote ni za mwaka 2007. Zinamhusu mpandaji wa kibarua cha siku tatu kama zinavyomhusu karani wa kudumu. Anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Huko kaskazini mashariki, upande wa Mandera, Wajir na Garissa, milingoti ya simu imelipuliwa mara nyingi na Al-Shabaab, kusudi watu wasiweze kuita msaada. Mlinzi anayelindishwa mnara kwa rungu na tochi amewekwa mbele ya vita ambavyo mkataba wake haukuvitaja.

Turudi Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kukimbia vita, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa karibu yake. Watu wa hapo sasa ni kama 300,000. Tangu mwaka 2015 sehemu ya chakula chao ilianza kuja kwa simu, kwa mpango ulioitwa Bamba Chakula: badala ya kupanga foleni ya mahindi, mtu alipokea thamani yake katika laini ya simu, akaenda dukani kununua. Wengi waliupenda, maana mama alichagua mwenyewe cha kupika. Lakini ona mambo yalivyogeuka. Zamani chakula kilipita barabarani tu. Sasa kilipita barabarani, halafu kikapita tena hewani. Mnara ukizima kwa kukosa dizeli, unga upo dukani, mwenye duka yupo, mama yupo na watoto wake, na hawezi kununua. Yule mlinzi wa miezi miwili bila mshahara, na wenzake wa Kakuma, ndio wamesimama katikati ya mama huyu na unga wake. Kama hilo si jambo la chama cha wafanya kazi, hatujui jambo la chama ni lipi.

Tena liko jambo la nani anashika swichi. Tarehe 1 Agosti 1982 askari walioasi walikimbilia Sauti ya Kenya kabla ya mahali pengi, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Walijua kwamba mwenye mtambo ndiye anayesikika. Serikali nayo yajua. Februari 2015, katika ugomvi wa dijiti, mitambo ya vituo vikubwa vya televisheni ilizimwa Limuru, na vituo vikawa kimya karibu wiki tatu. Tarehe 30 Januari 2018, siku ya kile kiapo cha Uhuru Park, NTV, KTN na Citizen walizimwa tena, wakakaa kimya siku kadhaa hata baada ya mahakama kuamuru wafunguliwe. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, vituo vilikatwa tena na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Kila mara walitumwa watu wa kazi wenye vifaa vya kazi kwenda kuzima, na fundi wa zamu akaachwa kati ya amri ya polisi na amri ya jaji. Fundi huyo anastahili kujua mapema chama chake kitasimama wapi siku hiyo. Ajibiwe sasa, kabla ya gari kufika langoni.

Watu wengine husema milingoti itakwisha, satelaiti zitafanya kazi yote. Huenda zitasaidia sana nchi kama Turkana. Lakini kile chombo cha kupokelea chataka umeme na chataka fedha kila mwezi, na kuzima kwake kuko mikononi mwa mtu aliye mbali kuliko Limuru. Mlingoti angalau unaweza kwenda ukausimamia, ukamsalimu mlinzi wake.

Basi tunayoliomba tawi ni haya. Katibu aandikie chama cha wenzetu wa mawasiliano na kile cha walinzi, aulize ni nani kati yao anayewaandikisha watu wa minara ya Turkana. Kama hakuna, waseme, tujue. Pili, nakala za sheria zile mbili za mwaka 2007, zikiwa na maelezo ya Kiswahili chepesi, zipelekwe Lodwar na Kakuma kwa mkono wa madereva wa malori ya Kitale, nasi tunao wawili waliokubali kuzibeba bila malipo. Tatu, kitabu cha Makhan Singh juu ya historia ya vyama vya Kenya mpaka 1952, kilichochapwa mwaka 1969, kinunuliwe nakala moja kwa sanduku la vitabu la tawi. Ni cha Kiingereza, lakini wako vijana watakaotusomea.

Kengele imelia. Wenye maswali wamwachie Ndugu Katibu kwa maandishi, na wale wa zamu ya saa nane warudi kazini.